Ukurasa wa Wanaosubiriwa

Mtu akifa Tanga, kwanza huambiwa jirani, kisha msikiti, kisha Mboni. Ndivyo watu wa Ngamiani walivyotania, na utani wenyewe ulikuwa na ukweli mwingi ndani yake. Mboni binti Uweso hakuwa mwosha maiti wala mchimba kaburi. Alikuwa mwanamke aliyekaribia arobaini, mrefu, mchache wa maneno, anayeendesha blogu ya mji katika chumba cha nyuma cha kiwanda cha chapa cha Bwana Kumail, si mbali na soko. Harusi, misiba, mpira, nyumba za kupanga, watu waliopotea: habari zote hizo zilipita mikononi mwake kabla hazijafika kwenye simu za watu wa Pongwe, Maramba na Horohoro, na za jamaa waliokwenda kuishi Mombasa na Maskati.

Kiwanda kile Bwana Kumail alikirithi kwa baba yake, Mhindi wa mjini aliyewachapia watu kadi za harusi na za khitma tangu kadi zilipokuwa jambo la heshima. Watu walipoacha kadi wakashika simu, mwana naye akafungua blogu, akamweka Mboni aiendeshe. Mwanzoni kurasa zote zilifanana. Habari ya aina yoyote ilitoka na umbo lilelile, na umbo lenyewe lilikuwa la furaha, kwa kuwa harusi ndizo zilizokuwa nyingi. Siku moja tangazo la kifo cha bibi mmoja wa Chumbageni likatoka limezungukwa na maua ya waridi, pembeni tangazo la magodoro, na chini yake kitufe cha kusema hongera. Watu wakakibofya bila kutazama. Mwana wa marehemu akaja kiwandani na simu mkononi, macho mekundu.

"Hebu niambie, dada," alisema, "mama yangu kafa au kaolewa?"

Bwana Kumail ndiye aliyeomba radhi, na yule bwana alipoondoka, mzee akageuka.

"Mboni, maiti hatumvishi nguo ya bibi harusi. Kila habari na vazi lake. Jifunze namna, utengeneze."

Akajifunza. Alikaa na mfumo wa ile blogu wiki nzima, akafungua mafaili yake moja moja, akaharibu, akatengeneza, mpaka akauelewa. Kila ukurasa, aligundua, hutoka kwenye kiolezo, na kiolezo ni kama kalibu: habari humiminwa ndani yake ikatoka na umbo la kalibu ile. Blogu ilikuwa na kalibu moja kwa kila kitu. Mboni akaunda moja kwa kila fungu la habari. Tangu hapo, akishaandika habari na kuweka tiki kwenye fungu lake, mfumo wenyewe uliitafuta kalibu ya fungu lile na kuitumia, bila mtu kugusa kitu kingine.

Ya Harusi ilibaki na maua yake. Ya Misiba aliifanyia kazi kwa uangalifu kuliko zote. Matangazo ya biashara yaliondoka. Kitufe cha hongera kiliondoka, pakabaki mahali pa kuandika dua tu. Neno Marehemu lilijiandika lenyewe mbele ya jina, na picha, hata ingeletwa na rangi namna gani, ilitoka nyeusi na nyeupe. Kisha akaunda kalibu ya Wanaotafutwa: picha kubwa yenye rangi zake zote, na juu yake maneno makubwa, "Ukimwona, piga simu hii," na namba.

Hii ya mwisho hakuitengeneza kwa ajili ya mji. Aliitengeneza kwa ajili ya ndugu yake.

Yasini alikuwa mdogo wake wa pekee, kijana wa vito. Alianza kuchimba huku huku Mkinga, kwenye mabonde yaliyo mbele ya Maramba, kisha akasikia habari za rubi ya Msumbiji. Akaenda na mwenzake aitwaye Miraji, akamwacha mkewe Saleha kwa mama. Kwa muda alipiga simu, akacheka, akauliza habari za timu ya Coastal na za mvua. Kisha simu ikanyamaza. Ukurasa wake ndio uliokuwa wa kwanza katika Wanaotafutwa, na namba iliyokuwa juu yake ilikuwa ya Mboni mwenyewe. Picha ilipigwa siku ya Idi: shati la buluu, kofia mpya, meno yote nje.

Mama yao, Bi Khadija, alijua kusoma Kurani, ila herufi za simu hakuzijua na hakutaka kuzijua. Kila siku baada ya alasiri alimwambia Mboni au Saleha, "Nipe nimwone mwanangu." Alishika simu kwa mikono miwili, akamtazama Yasini, kisha akasogeza kidole kutazama na wa wenzake. Maneno hayakumpa kazi. Alisoma rangi.

"Huyu yu hai, ana rangi yake," alisema. "Huyu masikini hana, keshakwenda. Inna lillahi. Wa kwetu rangi anayo."

Mboni alimsikia, na hakumwambia kwamba rangi ile haikutoka mbinguni. Ilitoka kwenye kompyuta, mahali palipowekwa tiki. Hapo ndipo kosa lilipoanza, na lilianza dogo, kama yanavyoanza makosa mengi ya watu wema.

Miaka ikapita, Miraji akarudi. Alirudi akichechemea mguu, amezeeka kupita umri wake. Alisimulia kwamba shimo liliporomoka na Yasini alikuwa chini. Wale waliokuwa juu walikuwa wakifukuzwa na walinzi wa mgodi saa ileile. Wakakimbia, na hakuna aliyebaki kufukua. Maiti hakuiona, lakini tangu siku ile hakuna aliyemwona Yasini. Kadhi aliwasikiliza mashahidi, akaangalia na miaka iliyopita, akahukumu kwamba Yasini ahesabiwe amefariki. Saleha akakaa eda yake kama inavyotakiwa, kimya, hatoki. Khitma ikasomwa barazani kwao, Barabara ya Kumi na Mbili. Watu walikula, wakaomba dua, wakaondoka. Bi Khadija alikaa chumbani siku ile, mlango kaurudisha, na wageni walipokwisha akaomba simu.

"Rangi yake ipo," alisema. "Hao wamekula pilau tu."

Kiwandani, Bwana Kumail alingoja. Alikuwa mtu wa kungoja, lakini si milele.

"Misiba ya mji mzima umeitangaza, binti," alisema siku moja. "Wa kwenu bado?"

"Nitaweka, Bwana Kumail."

"Lini?"

"Nitaweka."

Aliufungua ukurasa wa Yasini. Aliondoa tiki kwenye Wanaotafutwa, akaiweka kwenye Misiba, akabofya ili aone utakavyotoka kabla haujawafikia watu. Ukatoka. Shati la buluu lilikuwa la kijivu. Kofia ilikuwa ya kijivu. Mbele ya jina palikuwa pameandikwa Marehemu, na hakuna aliyeliandika neno lile siku ile. Yeye mwenyewe aliliandika zamani, mara moja, kwa ajili ya watu wa wenzake. Alifikiria mikono miwili ya mama yake imeshika simu. Akarudisha kila kitu kama kilivyokuwa.

Lakini kwenye Wanaotafutwa napo hakuweza kumwacha, kwa kuwa kadhi alikwisha hukumu, na kumtafuta mtu aliyesomewa khitma ni aibu. Basi Mboni akafanya jambo ambalo mtu asiyejua kazi yake asingeweza kulifanya. Aliunda fungu jipya, na kalibu yake. Aliliita Wanaosubiriwa. Picha ilibaki na rangi. Namba ya simu iliondoka, na neno Marehemu halikuwapo. Chini aliandika maneno matatu tu: "Mungu ndiye ajuaye." Akamweka Yasini humo, peke yake.

Maneno yale yalikuwa ya kweli, na hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa. Mtu akifunika uongo kwa uongo, hugunduliwa mapema. Akiufunika kwa neno la kweli, tena lenye jina la Mungu ndani yake, watu humwonea haya kumfunua.

Hakukaa peke yake muda mrefu, Yasini. Mama mmoja wa Makorora alipiga simu. Mumewe alikwenda Afrika Kusini na hakusikika tena.

"Dada Mboni, na wangu nihamishie huko alikokuwa nduguyo. Kwenye misiba sitaki. Kumtafuta nako, nimechoka mwenzio."

Mboni akamhamisha. Akaja mwingine, na mwingine, hata kutoka Horohoro. Fungu likajaa sura zenye rangi, watu wasiotafutwa na wasioombewa. Bwana Kumail alipoliona, alivua miwani.

"Astaghfirullah. Umenifungulia barzakhi ya roho zinazongoja humu kiwandani mwangu?"

"Ni huruma tu, Bwana Kumail."

"Barzakhi ina mwenyewe, Mboni. Na mwenyewe si weye." Alisema akicheka, lakini hakucheka sana, na hakumwamuru aifute. Hilo ni lake naye la kujibu.

Wakati huo, Saleha alipata mtu. Safari, mchoma chokaa wa Pongwe, aliyefiwa na mke, mtu wa sala na wa maneno ya taratibu, alimwona kwenye maziko ya jamaa, akauliza, akaambiwa eda imekwisha zamani. Wazee wake walikuja kwa kaka zake Saleha, posa ikapokelewa vizuri. Saleha alikuwa bado kwa mama mkwe, akimpikia na kumfulia, kwa kuwa Mboni alishinda kazini. Siku zile alianza kuimba jikoni, kwa sauti ndogo, akijisahau. Mboni alimsikia akafurahi. Tuseme haki: alifurahi kwelikweli. Hata alikwisha kumchagulia moyoni maua ya kuzungushia ukurasa wake wa harusi.

Kisha posa ikanyamaza. Wazee wa Pongwe hawakuja tena. Saleha akaacha kuimba, na Mboni alipomwuliza alijibu, "Watu wana shughuli zao, wifi."

Asubuhi ya Jumatatu moja, tangazo la harusi likaingia kwenye simu ya kazi. Bwana harusi: Safari wa Pongwe, mwenye tanuri la chokaa. Mboni alitabasamu, akaanza kunakili. Alipofika kwenye jina la bibi harusi akasita. Lilikuwa la msichana wa Maramba. Akalisoma tena, kisha akampigia Saleha.

"Wifi, una habari? Wameniletea tangazo lenu, lakini wamekosea jina! Wamekuandikia jina la mtu mwingine kabisa. Watu hawa!"

Saleha akasema tu, "Nakuja."

Alikuja kwa miguu, buibui limeshika vumbi la njia. Alimwamkia Bwana Kumail, "Shikamoo, mzee," akaitikiwa, akapita nyuma.

"Karibu wifi, kaa."

"Sikai. Hebu nionyeshe."

Mboni akamwonyesha. Saleha alilisoma lote, polepole, mpaka mahali pa karamu.

"Hawakukosea," alisema.

"Hawakukosea vipi? Si walikuposa weye?"

"Waliniposa." Alirudisha simu juu ya meza. "Baba mkubwa wa Safari ndiye aliyezuia. Aliushika ukurasa wako akawaonyesha wenzake. Akasema, tazameni. Dada mtu ndiye anayetangaza maiti wa mji huu. Akisema mtu kafa, tunakwenda kuzika. Na huyu ndugu yake mwenyewe hajamtangaza. Kamwandikia kwamba anasubiriwa. Sisi tukamwoe mke wa mtu anayesubiriwa?"

"Lakini kadhi alihukumu! Wangekwenda kumwuliza!"

"Kadhi ni mgeni kwao, wifi. Weye wanakusoma kila siku."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Nikwambie nduguyo muue, mie nataka kuolewa?" Sauti yake haikupanda. Ingepanda ingekuwa nafuu. "Nilijua ni kwa ajili ya mama. Kila siku nilisema, leo atauondoa. Mume wangu umemjengea ukurasa wake, hafi wala hatafutwi. Mie je? Mie umenijengea upi?"

Hakungoja jibu. Alijifunga buibui vizuri, akatoka, akamuaga mzee kwa adabu kama alivyoingia.

Huruma ni kitu kizuri, na wengi wetu tunajisifu kuwa nayo. Lakini lazima aulizwe kila mwenye huruma: inalipwa na nani? Mboni alimhurumia mama yake, akajihurumia na mwenyewe, na aliyelipa ni Saleha, mwaka baada ya mwaka, jikoni kwa watu. Hakuna aliyemtuma Mboni amwue ndugu yake. Alitakiwa tu aseme lililokwisha tokea, kama alivyolisema kwa mji mzima. Mtu aliyepewa sauti ya kuwatangazia wenzake hana ruhusa ya kuwachagulia watu wake ukweli laini.

Siku ile Mboni alilipandisha tangazo la Safari kama lilivyo. Aliweka tiki kwenye Harusi, na maua yakajipanga yenyewe kulizunguka jina la msichana wa Maramba.

Kisha akalifungua lile fungu la Wanaosubiriwa. Angeweza kulifuta kwa mara moja. Lakini aliijua kazi yake: fungu likifutwa, habari zilizokuwemo huangukia kwenye fungu la jumla, na kalibu ya jumla ndiyo ile ya zamani, yenye magodoro pembeni. Asingewatupa watu wale huko. Akachukua simu, akaanza kuwapigia jamaa zao, mmoja baada ya mwingine.

"Shikamoo, shangazi. Ni Mboni, wa blogu. Lile fungu alilomo mwanao ninaliondoa."

"Kwa nini, mwanangu? Kakosa nini?"

"Hakukosa yeye. Nimekosa mie. Niambie shangazi, nimrudishe kwenye kutafutwa, au..."

"Au wapi?"

Pumzi ya yule mama ilisikika, na jogoo wa mahali fulani uani kwake.

"Mrudishe atafutwe," alisema mwishowe. "Mwaka mmoja tu. Kisha mie mwenyewe nitakupigia."

Mwingine alikata simu. Mama wa Makorora alilia, akamtukana, akamwita mnyama, kisha akapiga tena kabla ya adhuhuri. "Muweke kwenye misiba," alisema. "Watoto wake wamekua. Waombe dua kama wenzao." Mboni aliwaandalia kila mmoja mahali pake. Bwana Kumail alipita mlangoni, akatazama, akaenda kumletea chai mwenyewe.

Alibaki Yasini. Mboni alimtazama katika shati lake la buluu, kwa muda ambao mtu hutazama maiti kabla ya kufunikwa uso. Akaondoa tiki, akaweka tiki. Ukurasa ukageuka. Mara hii hakuurudisha. Akaliondoa lile fungu, likiwa tupu.

Alifika nyumbani baada ya alasiri. Saleha alikuwa uani, juu ya mbuzi, anakuna nazi, amewapa mgongo. Bi Khadija alikuwa kwenye mkeka wake, tasbihi mapajani.

"Nipe nimwone mwanangu."

Mboni alikuwa amefikiria njia nzima. Angeweza kusema simu haina chaji. Angeweza kumwonyesha picha ileile kutoka mahali pengine, yenye rangi, na mama asingejua. Alimpa ule ukurasa.

Bi Khadija alishika simu kwa mikono miwili. Aliisogeza karibu, akaiweka mbali, akakifuta kioo kwa upindo wa kanga, akatazama tena.

"Rangi yake imekwenda wapi?"

"Nimeiondoa mie, mama."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Kwa sababu amekufa. Yasini amekufa, mama. Amekufa zamani. Rangi ile ilikuwa yangu mie, naiweka na kuiondoa. Haikuwa habari yake."

Neno lile halikuwa limesemwa waziwazi ndani ya nyumba ile. Uani, nazi iliacha kukunwa. Bi Khadija hakupiga kelele. Aliendelea kumtazama mwanawe wa kijivu mpaka kioo cha simu kikazima chenyewe, akabaki ameshika kitu cheusi. Akakiweka mkekani kwa upole, kama mtu anayelaza mtoto.

"Miaka yote hii," alisema, "hakuna dua hata moja niliyomwombea ya wafu." Kisha akaita, "Saleha!"

Saleha akaja, mikono ina chembe za nazi. Alisimama mlangoni, hakumtazama Mboni.

"Labeka, mama."

"Njoo." Mama alimshika mikono na chembe zake, akaigeuzageuza, akaiona ilivyokauka. Aliitazama kwa kitambo, kama anayesoma herufi ambazo hakuwahi kufunzwa. "Mwanangu mie, umekaa unanipikia kama una mume. Huna. Nenda. Huru weye, Saleha, nimekuachia. Nenda ukaolewe."

Mboni aliinamisha kichwa. Kwenye simu ya kazi, ndani ya mkoba wake, watu walikuwa wakiendelea kubofya hongera kwa harusi ya Pongwe. Ilitetemeka, ikatulia, ikatetemeka tena.

"Ahsante, mama," alisema Saleha. Alivuta mikono yake taratibu, akaipangusa kwa kanga, kidole kimoja kimoja. "Ngoja nimalize nazi kwanza."

Akarudi uani. Haukupita muda, sauti ya mbuzi ikaanza tena.